M3 E30 Group A linatupa mkia nikifunga breki Rivazza (Assetto Corsa). Naanzia wapi kurekebisha?

Kona_ya_Uyole, Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua setapu za Assetto Corsa, ile ya kwanza, siyo Competizione. Gari ni BMW M3 E30 Group A, kiwanja ni Imola. Kwingine kote linakwenda vizuri, shida iko kwenye breki nzito, hasa Rivazza pale njia inapoteremka kabla ya kona ya kushoto. Nikikanyaga breki na kuanza kushusha gia, nyuma inakuwa nyepesi, mkia unakwenda kulia, na nikirudisha usukani gari limeshageuka.

Vifaa: Logitech G29, gia nabadilisha kwa vibao vya nyuma ya usukani, klachi ya otomatiki, ABS imezimwa, mafuta lita 30. Mgawo wa breki nimeusogeza mbele kwa asilimia 4 zaidi ya ulivyokuja. Mkia umetulia kidogo, lakini sasa tairi za mbele zinafunga na gari linakwenda moja kwa moja kwenye changarawe. Kuna wanaoshauri nilainishe springi, wengine niongeze bawa, wengine nilegeze shokapu za nyuma. Nianze na kipi? Sitaki kubahatisha.

FundiDifu_Ipogolo, Iringa

Kamwene. Springi usiguse bado, na bawa liache lilivyo. Dalili uliyoeleza ina sababu kama nne ambazo kwa macho zinafanana kabisa, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Kwanza zitenganishe.

Hamia Monza kwa muda. Njia ya mbele ya jukwaa kuu ni ndefu na tambarare, kwa hiyo mteremko unaondoka kwenye hesabu. Weka mafuta yale yale lita 30, lami iwe kwenye hali bora, joto la hewa nyuzi 26 na usilibadilishe mpaka umalize. Zunguka mpaka tairi zipate moto, halafu fanya majaribio matatu, kila moja ulirudie mpaka upate jibu lile lile.

La kwanza: gia ya nne, kilomita 160 kwa saa, usukani umenyooka. Kanyaga breki ukiongeza mpaka tairi zianze kufunga. Gia usiiguse kabisa. Angalia kwenye marudio ni tairi zipi zimefunga mwanzo.

La pili: vilevile, ila sasa shusha gia nne, tatu, mbili kwa mwendo wako wa kawaida.

La tatu: kama la kwanza, bila gia, lakini breki ikiwa bado imekanyagwa nusu, zungusha usukani nyuzi 20 hadi 30.

Nyuma ikifunga mwanzo kwenye la kwanza, mgawo wa breki ndio mbaya. La kwanza likiwa salama na la pili likikutupa, tatizo ni gia na injini, na hapo ukisogeza mgawo wa breki mbele unaficha ugonjwa tu. La tatu likikutupa peke yake, basi tunazungumzia namna unavyoachia breki, tou ya nyuma (tairi za nyuma zinatazama ndani au nje kiasi gani), difu na shokapu. Washa ile programu ndogo ya pedali kwenye skrini wakati unatazama marudio. Inaonyesha breki iko kiasi gani kila sekunde, na mara nyingi jibu liko hapo.

Mafinga_Turbo

Mimi naona tatizo ni mteremko. Rivazza ni mteremko wa Kitonga ule ule: shusha gia mapema injini ilishike gari, breki uiguse kidogo tu. Mlima unasukuma uzito wote mbele, ndiyo maana nyuma inabaki hewani. Muulize dereva yeyote wa semi.

Mlima_Nyoka, Mbeya

Kaka wa Mafinga, hapo naomba tutofautiane, kwa sababu ushauri huo ni sahihi kwa semi na ni kinyume kwa gari hili. Semi inashuka mlima Kitonga ikiwa na tani nyingi na mteremko haukwishi haraka. Kazi ya injini pale ni kuzikinga breki zisichemke zikaishiwa nguvu. Rivazza breki ni ya sekunde chache, haina muda wa kuchemka namna hiyo. Halafu injini ya M3 inasukuma tairi za nyuma peke yake. Kila unaposhusha gia mapema unaongeza breki ya nyuma ambayo namba ya mgawo wa breki kwenye skrini haiijui. Unaona asilimia 70 mbele, kumbe nyuma inapata ile 30 pamoja na injini nzima.

Kuhusu uzito, wengi wanakosea hapa, na ukishaelewa hutatafuta dawa kwenye mteremko tena. Kinachohamisha uzito kwenda mbele ni nguvu ya breki inayoshika chini kwenye lami wakati uzito wa gari uko juu. Hesabu yake: nguvu ya breki, mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili. Chukua mfano wa gari la kilo 1,000, kitovu cha uzito sentimita 45 juu ya lami, umbali wa ekseli mita 2.57 kama E30, na tairi zinazoweza kushika mara 1.2 ya uzito wake:

1,000 × 1.2 × 0.45 ÷ 2.57 = kilo 210.

Kama gari likiwa limesimama lina kilo 500 mbele na 500 nyuma, kwenye breki kali linakuwa na 710 mbele na 290 nyuma. Kwa mfano huo tairi zote nne zinatumika sawasawa mgawo ukiwa kama 71 mbele. Ukiweka 66, nyuma inafunga mwanzo. Ukiweka 76, mbele inafunga mwanzo na unapoteza umbali. Usizinakili namba hizi kwenye gari lako kama zilivyo, bawa na upana wa tairi vinazisogeza. Shika jinsi zinavyofanya kazi.

Sasa mteremko. Njia ikiinama kwa asilimia 10, mgandamizo wa tairi kwenye lami unapungua kwa nusu ya asilimia moja tu. Na kwa nguvu ile ile ya breki, uzito unaohama ni ule ule, kilo 210. Kinachobadilika ni umbali, kwa sababu gari linavutwa kushuka. Kutoka kilomita 180 hadi 90 kwa saa, tambarare unahitaji kama mita 80. Kwenye mteremko huo ni kama mita 87. Kwa hiyo ukikanyaga breki pale pale ulipozoea, unafika konani ukiwa na kasi, unaogopa, unashusha gia kwa haraka na unageuza usukani huku breki bado imejaa. Mkia unakwenda kwa sababu ya hayo.

Ila kuna sehemu moja ambapo umbo la njia linafanya nyuma iwe nyepesi kweli: pale lami inapoanza kuinama. Gari linataka kuendelea mbele, njia inashuka chini yake, na kwa muda mfupi sana tairi zote zinabonyezwa kidogo kuliko kawaida. Breki ya kwanza, ile kali, isigongane na hapo. Ama uwe umeshakanyaga kabla, ama uanze na asilimia 60, na gari likishakaa chini upande hadi 85 au 90.

Njombe_G29

Kabla hujaenda Monza kagua pedali, maana kama pedali inakudanganya, majaribio yote yatakudanganya.

Breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani ya springi. Mguu unakwenda laini mwanzo, halafu unagonga ugumu. Watu wengi hawafiki asilimia 100 wakati wa kukalibrisha, kwa hiyo gemu inadhani pale ulipoishia ndipo mwisho. Fungua paneli ya vifaa vya gemu kwenye Windows, kanyaga breki polepole kwa nguvu yako yote na uangalie mstari. Ukipanda kwa kurukaruka, au ukiachia haurudi sifuri, kipimo cha ndani kimeingia vumbi. Kwetu kiangazi upepo wa mchana unaingiza vumbi kila mahali, na pedali ziko chini sakafuni. Dawa ni spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, ukiwa umechomoa waya wote. Mafuta ya kulainisha bawaba usiweke hata tone, yanashika vumbi zaidi.

Halafu ingia Content Manager, ile programu ya kufungulia Assetto Corsa, sehemu ya vidhibiti, utafute gama ya breki. Ikiwa 1, nusu ya pedali ni nusu ya breki. Ukipandisha hadi 2, nusu ya pedali inatoa robo tu ya breki, kwa hiyo mwanzo wa pedali unakuwa mpole. Kwa mpira mgumu wa G29 anzia kati ya 1.5 na 2. Upande wa programu ya Logitech acha unyeti wa breki asilimia 50, hapo mstari umenyooka. Ukirekebisha sehemu mbili kwa pamoja hutajua ipi imefanya nini.

Na usukani: kama ule mstari wa nguvu ya usukani kwenye programu ya pedali unakuwa mwekundu kila unapofunga breki au kuingia konani, punguza nguvu mpaka uwe mwekundu mara chache tu kwenye kingo za njia. Ukiwa mwekundu muda wote mkono hausikii tairi zinapoanza kuachia, unashtuka mkia umeshakwenda.

Kona_ya_Uyole

Asanteni sana. Majibu ya Monza haya hapa, baada ya kusafisha pedali na kuweka gama 1.8:

La kwanza: mbele inafunga mwanzo, gari limenyooka kabisa, hata nikirudisha mgawo nyuma asilimia 2 bado ni mbele.
La pili: nikishusha kutoka nne kwenda tatu nyuma inatikisika, tatu kwenda mbili inatupa.
La tatu: linatulia, mkia unasogea kidogo tu.

FundiDifu_Ipogolo

Basi tumeshampata mwizi. Injini ndiyo inayokufungia tairi za nyuma. Na ndiyo maana ulikuwa unapata magonjwa mawili kwa wakati mmoja, mbele kufunga na nyuma kutupa: uliongeza breki ya mbele kutibu kitu kilichoko kwenye gia.

Anza hapa. Kwenye sehemu ya misaada ya dereva kuna kigao cha otomatiki (auto-blip), kile kinachopuliza mafuta kidogo wakati wa kushusha gia. Unatumia vibao na klachi ya otomatiki, kwa hiyo kiwashe. Bila hicho, injini inaingia gia ya chini ikiwa na mizunguko midogo, na tairi za nyuma ndizo zinazolazimika kuizungusha ipande. Kwa sekunde hiyo tairi inazunguka taratibu kuliko lami, yaani imefunga. Ukitaka kupuliza mwenyewe kwa kisigino ni vizuri zaidi, lakini pedali za G29 zipangwe kwanza, eksileta isiwe chini sana kuliko breki unapokuwa umeikanyaga.

Pili, muda. Kama gia ya tatu inapandisha mizunguko kwa thuluthi moja ukilinganisha na ya nne, ukishusha ukiwa 6,000 injini itaruka hadi 8,000. Ukisubiri mpaka 4,800 itakwenda 6,400, na nyuma haitashtuka. Kwa hiyo breki kwanza, gia baadaye. Nusu ya kwanza ya breki usiguse kibao. Kwa Rivazza, gia ya mwisho ishuke gari likiwa bado limenyooka, kabla usukani haujaanza kugeuka. Kushusha gia huku unageuka kwenye gari la kusukuma nyuma ndiko kunakozalisha mizinga mingi kuliko setapu zote mbaya nilizowahi kuziangalia.

Ukishafanya hayo mawili, rudisha mgawo wa breki ulivyokuja, halafu sogeza asilimia moja moja mbele mpaka mbele zianze kufunga kidogo kabla ya nyuma. Simama hapo.

Yakibaki mabaki, ndipo ufungue setapu. Utaratibu ninaoufuata ni huu, na kila badiliko liwe moja, liwekwe kwa jina lake kwenye faili.

Difu. Kama gari limefunguliwa sehemu hiyo, tazama namba ya kufunga wakati umeachia mafuta. Ukiiongeza, tairi mbili za nyuma zinalazimishwa kuzunguka pamoja, gari linanyooka kwenye breki, lakini linakuwa gumu kuingia konani. Ukiipunguza linageuka upesi na linakuwa na wasiwasi. Panda kwa asilimia 5 hadi 10. Watu wanaipandisha hadi mwisho kwa sababu breki inakuwa tulivu, halafu wanalalamika gari halikati kona. Vyote viwili vinatoka kwenye namba hiyo hiyo.

Tou ya nyuma. Tairi za nyuma zikitazama ndani kidogo, gari linafuata mstari. Ongeza nyuzi 0.05 kila upande, usipite 0.25 hivi. Ukizidisha, tairi zinasuguana na lami hata kwenye njia iliyonyooka, joto linapanda na unapoteza mwendo.

Shokapu. Ukifunga breki, pua inabonyea na nyuma inanyanyuka. Nyuma ikishikiliwa kwa ugumu wakati wa kunyanyuka, tairi inavutwa juu kutoka kwenye lami, na kwenye matuta madogo inaruka. Legeza kurudi kwa shokapu za nyuma kwa kliki mbili. Kama pua inaanguka kwa kishindo, kaza kubonyea kwa shokapu za mbele kliki moja. Kumbuka hesabu ya Mlima_Nyoka: shokapu na springi hazibadilishi zile kilo 210, zinabadilisha kasi ya kufika kwake na mkao wa gari likishafika.

Kemba (mlalo wa tairi) na upepo mwisho. Angalia joto la tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi zaidi ya 10 hivi, umelaza tairi mno na kwenye breki ya kunyooka unatumia ukingo wa ndani tu, kwa hiyo rudisha kemba kidogo. Upepo pima tairi zikiwa za moto, siyo gereji. Hewa ya ndani ikipanda nyuzi 10, presha inapanda takriban PSI 1.4. Imola inazungukwa kinyume cha saa, kwa jumla gari linageuka kushoto zaidi, tairi za kulia zinachemka zaidi. Ukiweka presha sawa zikiwa baridi, kulia zitapita kushoto na breki itavuta upande. Anza kulia ukiwa chini kwa PSI 0.5 hadi 1, upime tena tairi zikiwa moto.

Mafinga_Turbo

Nimeelewa hapo kwenye injini na tairi za nyuma, nakubali. Swali: magari ya kuvuta mbele kama Abarth 500 nayo yanafuata sheria hiyo?

Mlima_Nyoka, Mbeya

Hapana, kaka, yanageuka. Kwenye Abarth injini iko mbele na inavuta mbele, kwa hiyo ukishusha gia mapema unaongeza breki ya mbele. Tairi za mbele zinafunga au gari linakataa kugeuka, mkia hauna habari. Ndiyo maana kwenye gari la kuvuta mbele injini haifungi tairi za nyuma, na wengine wanatumia breki ya mguu wa kushoto kulegeza mkia kwa makusudi. Lakini ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona litakutupa nyuma vilevile, kwa sababu uzito unahama mbele hata bila breki.

Pedi_ya_Mwanjelwa

Wakuu, sisi tunaocheza PS4 kwa pedi kwenye banda la gemu hatuna pedali. Tufanyeje?

Njombe_G29

Kwa pedi washa ABS ya kiwandani kwa magari yaliyo nayo. Kwa yasiyo nayo sogeza mgawo wa breki mbele asilimia 1 hadi 2 zaidi ya mtu wa usukani, maana kidole kwenye kitufe cha R2 au L2 kina safari ndogo sana na hakiwezi kuachia breki taratibu kama mguu. Kama gari lina sehemu ya nguvu ya breki, ishushe hadi 90 ili kidole kikifika mwisho tairi zisifunge papo hapo. Kasi ya usukani ipunguze kidogo, na unyeti unaopungua kwa mwendo uongeze, usije ukageuza tairi nyuzi nyingi kwa kilomita 180 kwa saa. Pedi za banda zimechoka, kifimbo cha kushoto kinaelea chenyewe, kwa hiyo ongeza eneo la kutosikia mpaka gari liende lenyewe likiwa limenyooka bila kuguswa.

Kona_ya_Uyole

Ndaga fijo wakuu. Kigao kimewashwa, gia nasubiri, mgawo umerudi mbele asilimia 1 tu kutoka ulivyokuja. Rivazza gari linasimama limenyooka. Limebaki jambo moja: nikianza kugeuka kwenye Rivazza ya kwanza mbele inasukuma nje, inachelewa kuingia. Nilegeze stabilaiza ya mbele?

FundiDifu_Ipogolo

Bado. Kwanza tazama kwenye marudio breki iko wapi unapoanza kugeuza. Ukiwa umeshaiachia yote, pua imeinuka na tairi za mbele zimepoteza ule uzito ulioutafuta kwa nguvu. Ingia na asilimia 20 hadi 30 ya breki, uipunguze kadiri usukani unavyoongezeka, na ifike sifuri karibu na ukingo wa ndani wa kona. Kama ulikuwa unafanya hivyo tayari na bado inasukuma, shusha namba ya difu ya kuachia mafuta kwa asilimia 5, na ikiwa gari halina sehemu hiyo, rudisha mgawo wa breki nyuma kwa nusu asilimia. Stabilaiza ya mbele ije baada ya hapo, hatua moja laini, na baada ya kuigusa kapime tena Tamburello na Acque Minerali, kwa sababu hiyo inabadilisha kila kona ya kiwanja, siyo Rivazza peke yake.